Sakafu ya Chumba cha Mama

Juzi nilipita karibu na nyumba inayojengwa huku Nawoitorong, hapa Lodwar, nikawakuta mafundi wakimwagia maji zege walilolimwaga jana yake. Jua lilikuwa kali kama tulivyolizoea, na ile harufu ikapanda kutoka chini: harufu ya saruji mbichi inayokunywa maji, nusu chokaa, nusu mvua. Nilisimama kando ya uzio na mfuko wangu wa sukari mkononi, na kwa muda sikuwa Lodwar tena. Nilikuwa juu ya milima ya Loima, nina miaka saba, vidole vya miguu vimekufa ganzi kwa baridi, na moyoni nina chuki ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani. Niliwachukia watu wawili: baba yangu, na fundi aliyekuja kuchimba nyumba yetu.

Wenzangu wa rika langu, mliokulia huku bondeni, mkisikia Turkana mnawaza mchanga, joto na mti mmoja wa kugombaniana kivuli. Sisi tuliokaa Loima tunajua kuna Turkana nyingine. Unapita Namoruputh, unaacha gari, unafuata punda kwenye njia ya mawe hadi masikio yanaziba, halafu unaingia kwenye ukungu. Huko juu kuna miti yenye ndevu za kijani. Huko blanketi halikauki. Baba yangu alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo ya huko, ingawa watu wote walimwita daktari, naye alijenga nyumba yetu mwenyewe, karibu na zahanati, kwenye mteremko. Kuta zilikuwa za mawe na paa lilikuwa la bati. Chini palikuwa udongo, kama nyumba ya kila mtu.

Lakini udongo wa mlimani si udongo wa Lodwar. Mama alizaliwa na kulelewa hapa Lodwar, na kila asubuhi alifanya alivyofundishwa na mama yake: alinyunyiza maji kidogo chini ili vumbi lilale, kisha akafagia. Huku bondeni maji hayo yanakauka kabla hujaweka ufagio pembeni. Kule hayakwenda popote. Yalikutana na mengine yaliyokuwa yakipanda kutoka chini ya mlima. Mkeka ukiuinua ulikuta tumbo lake limeota ukungu mweupe kama manyoya ya kifaranga. Miguu ya kitanda ilioza, Baba akaivalisha makopo ya maziwa. Nyumba ilikuwa na harufu ya uyoga, na mimi niliipenda, kwa sababu ilikuwa harufu ya kwetu.

Mama alianza kukohoa. Alikuwa mjamzito wakati huo, na nilidhani kikohozi ni sehemu ya mambo ya tumbo kubwa, kwamba mtoto aliye ndani anabisha hodi. Baba alimpa dawa, akapona, akakohoa tena. Mara ya tatu hakupona. Asubuhi moja nilimwona Baba, mtu aliyetibu kata nzima, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, sikio lake limebanwa kwenye mgongo wa Mama, macho yake yamefumbwa. Alipoyafumbua hakuniangalia. Walimfunga Mama mablanketi mawili, wakampandisha juu ya punda, wakashuka naye. Niliachwa kwa jirani.

Baba alirudi peke yake baada ya siku tano.

"Mama yuko wapi?" nilimuuliza.

Alinipapasa kichwa. Alikuwa amechoka, na nadhani hakutaka kunitisha. "Mama yako anapumzika," alisema.

Sasa nieleweni. Majuma machache kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mzee mmoja. Mwalimu wa dini alisimama mbele ya shimo akasema kwa sauti nzito, "Mzee wetu sasa anapumzika." Kisha wanaume walipanga mawe juu yake, jiwe kwa jiwe, hadi yakawa kilima kidogo. Hilo ndilo pumziko pekee nililolijua. Mama, akiwa hai, hakupumzika hata siku moja.

Sikulia. Mtoto akiogopa sana halii, anaanza kupeleleza. Nilimfuata Baba kila alipokwenda. Siku ya pili alishuka tena, na aliporudi alikuwa na mgeni pamoja na punda wanne waliobeba mizigo: mifuko ya saruji, bunda kubwa la nailoni nyeusi, na mbao ndefu, zimefungwa mbilimbili ubavuni mwa wanyama. Nilikuwa nimeziona mbao za urefu ule hapa Lodwar, kando ya barabara, kwa wale maseremala wanaotengeneza majeneza.

Mgeni alikuwa mwanaume mfupi mwenye mabega mapana, amevaa kofia ya sufu. Jina lake lilikuwa Papa Bahati. Alikuwa Mkongo, mkimbizi aliyeishi kambini Kakuma kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao. Mahali kwake palikuwa "fasi", na mawe yalikuwa "mabwe". Alipofika mlangoni petu hakuingia. Alisimama kwenye ukungu, akavua kofia, akafumba macho na kuvuta hewa kwa pua hadi kifua kikajaa. "Hii ni hewa ya kwetu," alisema, na nilishangaa kuona machozi yakimtoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba alizaliwa kwenye milima mirefu inayotazama Ziwa Tanganyika, na huko kazi yake ilikuwa kutengeneza sakafu za nyumba za walimu na wachungaji. Wakati ule nilijua jambo moja tu: mtu amekuja na mbao, na analia.

Waliingia chumba cha Mama wakatoa kitanda nje. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaweka sikio kwenye ufa wa dirisha, nikamsikia Papa Bahati akisema:

"Hii ndiyo fasi ya mama. Tunachimba mpaka ku goti. Tunapanga mabwe muzuri, tunafunika na nailoni, juu tunafunga na zege. Maji haiwezi kumufikia tena."

"Na mbao?" Baba aliuliza.

"Mbao ilale kwanza humu ndani ya nyumba. Lazima izoee baridi. Ikiingia bila kuzoea, itapinda."

"Mtoto asijue shida zote hizi," Baba alisema. "Ataogopa."

Basi nilijua. Mama alikuwa amekufa, na walikuwa wanamchimbia kaburi ndani ya nyumba.

Walichimba siku mbili. Udongo ulitoka mweusi na mzito, unadondosha maji. Nyuma ya nyumba, upande wa juu wa mteremko, walichimba pia mtaro mrefu, nao sikuuelewa kabisa. Baba na wanaume wawili wa jirani walibeba mawe kutoka kwenye korongo, na Papa Bahati alikaa ndani ya shimo akayapanga moja moja, makubwa chini, madogo juu, akiyagonga kwa nyundo na kusikiliza. Jiwe likitoa mlio mbaya alilitoa. Alikuwa na haraka lakini hakuonyesha papara. Serikali ilimpa karatasi ya kutoka kambini kwa siku ishirini na moja tu. Aliihifadhi ndani ya kofia, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, na kila asubuhi aliitoa, akaitazama, akairudisha.

Alinisalimia kila siku. "Ejok, mutoto," alisema, kwa kuwa alishajifunza salamu ya kwetu huko Kakuma. Sikumjibu. Kwa desturi yetu mtoto asiyejibu salamu ya mtu mzima anapigwa, lakini yeye aliinamisha kichwa kidogo, kana kwamba nimemjibu, akaendelea na mawe yake.

Siku ya tano, mchana, wanaume walikwenda kula kwa jirani. Niliingia chumbani. Shimo lilikuwa limejaa mawe hadi karibu na juu, yamepangika, na mbao zimelala kando ya ukuta zikingoja. Nilishuka. Nikashika jiwe la kwanza nikalitupa nje ya mlango. Nikashika la pili. Nilifikiri hivi: pasipokuwa na kaburi, hawatakuwa na pa kumweka, na wasipokuwa na pa kumweka watalazimika kumwacha awe hai. Haya yalikuwa mawazo ya mtoto wa miaka saba, na hadi leo sijapata hoja nzuri ya kuyapinga.

Nilikuwa nimetoa mawe mengi wakati jiwe moja liliponiponyoka na kunibana kidole. Sikupiga kelele. Nilijaribu kulisukuma kwa mkono mwingine, ndipo kivuli kikaangukia shimo. Papa Bahati alikuwa amerudi kuchukua tumbaku yake.

Alitazama mawe yaliyozagaa nje, kazi yake ya siku nzima. Akanitazama mimi. Alishuka shimoni, akainua jiwe, akashika kidole changu akakipuliza.

"Juu ya nini, mutoto?" aliuliza polepole, akimaanisha kwa nini.

"Mama hataingia humu," nilisema. "Sitaki. Sitaki mumfunike."

Nilimwona anatafuta maana ya maneno yangu. Aliangalia mawe, akaangalia zile mbao, akaangalia nailoni nyeusi. Kisha uso wake ukabadilika. Hakucheka. Nimekutana na watu wazima wengi ambao wangecheka, na pengine mimi mwenyewe ningecheka. Yeye alikaa chini juu ya mawe, ndani ya lile shimo, hadi macho yake yakawa sawa na yangu.

"Sikiya. Mama yako haiko chini. Mama yako atatembea hapa juu. Hapa," akapiga mawe kwa kiganja, "ni fasi ya maji. Maji ndiyo tunaifunika. Ile maji ilimupiga mama kifua."

"Baba alisema anapumzika."

"Anapumzika ku hospitali, na tumbo yake. Analala, anakula, anaamuka."

Nilitaka kumwamini, lakini mtu anaweza kusema lolote akishakushika mkono. Nadhani aliliona hilo. Alinitoa shimoni, akanibeba hadi kwa jirani, akamwambia Baba mbele ya watu wote waliokuwa wakila:

"Daktari, leo kazi imesimama. Peleka huyu mutoto asikie sauti ya mama yake."

"Papa Bahati, mtandao uko kule kwenye kilele. Ni nusu siku kwenda na kurudi, na karatasi yako inaisha."

"Karatasi ni yangu. Pelekeni mutoto."

Nyinyi wa umri wangu mnakumbuka namna simu ilivyokuwa inatafutwa kwa miguu. Tulipanda, Baba na mimi, na Papa Bahati alikuja pia, ingawa hakuhitajika. Kilele kilikuwa jiwe tupu, upepo unakata, na chini kabisa nchi yetu ya joto ilionekana ya njano kama ngozi ya ngamia. Baba aliinua simu juu, akaishusha, akasogea hatua mbili, akapiga. Mama alikuwa ametoka wodini siku hiyohiyo na kupelekwa kwa dada yake hapa Nawoitorong. Simu iliwekwa sikioni mwangu.

"Akiru?" Sauti ilikuwa na kikwaruzo, lakini ilikuwa yake. "Umekula?"

Hakuna neno jingine ambalo lingenithibitishia. Mama aliyekufa asingeuliza kama nimekula. Nililia mpaka simu ikakatika, na Baba alichutama pale juu ya jiwe, akanikumbatia, akaniambia mambo yote aliyonificha: kwamba mapafu ya Mama yalijaa maji, kwamba daktari wa hospitali alikataza asirudishwe kwenye ule unyevu, kwamba ama sakafu ibadilike ama tuiache nyumba na kazi na mlima. "Nilidhani nakulinda," alisema. Baba yangu hakuwahi kuniomba msamaha kabla ya siku ile, na aliniomba kwa Kiturkana, lugha aliyotumia kwa mambo mazito tu.

Kesho yake niliyarudisha mawe. Hakuna aliyenilazimisha. Papa Bahati alinifundisha kuligonga jiwe na kulisikiliza, na nilipokosea alisema tu, "Hilo linadanganya," nami nikachukua lingine. Nilianza kumuuliza maswali, na kumbe alikuwa ameyangoja. Aliniambia Baba alitaka vigae vyeupe, vile vinavyong'aa alivyoviona kwenye ofisi za Lodwar, na kwamba yeye alikataa: "Huku kigae itakuwa baridi sawa samaki. Mama atashuka kitandani na ile tumbo, atateleza." Baba akasema basi mbao peke yake, na hilo pia alilikataa, kwa kuwa mbao ikilala juu ya udongo wenye maji inaoza kabla mtoto hajaota meno yote. Saruji peke yake ingezuia maji, lakini inanyonya joto la miguu. "Nyumba ya mlima," alisema, "inataka vyote viwili. Jiwe na saruji vipigane na maji. Mbao ipigane na baridi. Kila mutu na vita yake." Na ule mtaro nyuma ya nyumba, ambao sikuuelewa, ndio uliokuwa kazi kubwa kuliko zote: uliyakamata maji ya mlima na kuyazungusha kando kabla hayajatufikia.

Zege lilipomwagwa nilipewa kazi yangu. Alilifunika kwa magunia na kuniambia niyamwagie maji asubuhi na jioni. Nilidhani ananitania.

"Si tunayafukuza maji?"

"Saruji ikikosa maji siku za kwanza, inapasuka. Ni sawa mutoto muchanga. Munyonyeshe vizuri, akikua hakuna kitu itamuweza."

Nilimnyonyesha kweli. Na ile harufu, ya chokaa na mvua, ndiyo iliyonisimamisha juzi kwenye uzio.

Siku zake ziliisha kabla mbao hazijawekwa. Zege lilikuwa bado na unyevu, naye alikataa katakata kuweka mbao juu yake hata Baba alipomsihi amalize. Alizipiga randa zote, akazipanga nje kwenye nyasi kama zitakavyokaa, akachonga kila moja ikutane na jirani yake, akaandika namba kwa penseli nene. Kisha alikata kipande cha nailoni, akakibandika sakafuni, akatuonyesha mimi na Baba. "Kila wiki mufanye hivi. Asubuhi inua. Ukikuta jasho chini yake, ngoja. Siku ukikuta pakavu, panga mbao. Muache nafasi ya kidole pembeni ya ukuta, juu ya mbao inapumua." Alivaa kofia yake yenye karatasi, akanishika bega, akashuka na ukungu. Hakuwa amemwona Mama. Hakuwa ameiona sakafu yake imekamilika.

Tulingoja majuma mengi. Kila Jumapili Baba na mimi tulipiga magoti na kuinua nailoni kama watu wanaofunua kikapu cha mkate, tukakuta jasho, tukairudisha. Asubuhi tuliyokuta pakavu, Baba alinibeba begani akazunguka nyumba nzima. Nilimsomea namba, yeye akapigilia misumari. Mama alirudi na ndugu yangu Ewoi mgongoni. Alisimama mlangoni, akamkabidhi Baba mtoto, akavua viatu, akaingia peku, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha alilala chini, chali, mikono imetandazwa, akacheka hadi mtoto akaamka. Hakukohoa. Tangu siku hiyo kikohozi kile hakikurudi, na wazazi wangu wanaishi mlimani hadi sasa.

Kuna deni la shukrani ambalo mtu hawezi kulilipa kwa sababu hajui mwenyewe yuko wapi. Mama alilibeba hilo miaka mingi. Nilipokuwa mtu mzima nilipata kazi ya kufundisha Kalobeyei, kule karibu na Kakuma, na wiki ya kwanza sokoni nilisikia mtu akimwambia mnunuzi wa benchi, "Hii mbao bado haijazoea, ngoja." Kofia ya sufu hakuwa nayo, na nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Nilimwendea.

"Ejok, Papa Bahati. Mimi ni mtoto wa daktari wa Loima. Niliyetupa mawe."

Hakuuliza habari yangu, wala ya Baba. "Jasho liliisha?" aliuliza. "Mulingoja?"

"Tulingoja."

Ndipo akaninyooshea mikono yote miwili, akanishika uso.

Iliombwa karatasi nyingine, ya siku chache. Tulisafiri kwa gari hadi Namoruputh, tukapanda kwa punda, yeye akivuta hewa kwa pua na kufumba macho kwenye kila kona. Mama alimngoja mlangoni amevaa nguo ya kanisani. Walikuwa hawajawahi kuonana. Mama aliyekuwa na maneno ya kila jambo alimshika mkono akashindwa kuuachia, na yeye aliendelea kusema tu, "Mama, mama, ni weye," kama mtu aliyeletewa ndugu.

Alivua viatu, akaingia. Mbao zilikuwa zimekuwa nyekundu kwa miaka na kwa miguu yetu. Alitembea taratibu, kisigino kwanza, kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akisikiliza mawe. Karibu na dirisha alisimama. Akarudi hatua moja. Akakanyaga tena.

"Hii ni sita," alisema. "Iko kwenye fasi ya tisa. Muligeuza."

Baba alinigeukia. Nilihisi uso unawaka, mimi mwalimu mzima. Ni mimi niliyekuwa nikisoma namba, na nilizisoma kutoka upande wa pili.

Papa Bahati alikuwa tayari amepiga magoti, anapapasa ukingo kwa kidole gumba, anaomba nyundo. Alisema ni kazi ndogo, ingekuwa imekwisha kabla ya chai. Mama akaja, akasimama juu ya ule ubao kwa miguu yote miwili.

"Hutaigusa," alimwambia. "Ewoi alisimama mara ya kwanza hapa. Keti, Papa Bahati. Keti chini tu, hapa hapa, nikuletee chai."

Naye akaketi.